Kuchonga upya mbao za Lee-Enfield ya zamani: mwongozo kamili kwa seremala

Ukiishika bunduki ya Kiingereza ya Lee-Enfield, ile fupi ya Vita vya Kwanza vya Dunia, karibu kila mahali mkono unapotua ni mbao. Kitako ni mbao, tumbo lake ni mbao, na mtutu wenyewe umevikwa mbao juu na chini mpaka karibu na mdomo. Ndiyo maana bunduki hizi huumizwa sana na watu. Baada ya vita, nyingi ziliuzwa kwa bei ndogo, wawindaji wakakata ubao wa mbele nusu ili kupunguza uzito na kutupa vifuniko vya juu. Chuma kikabaki kizima, sura ikapotea. Kazi ya kurudisha sura hiyo ni ya seremala.

Mimi nilijifunza useremala kwa mninga na mvule. Sasa nipo Uingereza, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwachongea mbao hizi watu wenye mikusanyo halali. Nitaeleza ninavyofanya hatua kwa hatua, na kanuni inayoongoza kazi yote ni hii: nje fuata mbao ya zamani, ndani fuata chuma. Mbao ya zamani imesinyaa, imejikunja na kunywa mafuta kwa miaka 100. Ukinakili ndani yake milimita kwa milimita, utakuwa umenakili na ugonjwa wake. Chuma hakijabadilika, kwa hiyo kila mahali mbao inapogusana na chuma, chuma ndicho kipimo.

Kabla hujagusa chombo

Kwanza sheria. Tanzania, Kenya na Uganda, bunduki ya kijeshi si kitu cha raia kukaa nacho hivihivi nyumbani, iwe mpya au ya mwaka 1907. Ukiombwa kazi kama hii, mteja awe makumbusho au mtu mwenye karatasi zote, na wewe uzione. Ulaya na Marekani kila nchi ina utaratibu wake, na silaha nyingi za maonyesho zimeshaharibiwa mtambo kisheria zisifyatue tena. Vyovyote iwavyo, mwenye nayo ndiye ahakikishe mbele yako kwamba haina risasi, atoe bolti (chuma cha nyuma kinachofunga risasi ndani ya mtutu) na magazini (kisanduku cha risasi), kisha ndipo uanze. Na kama ni bunduki itakayopigwa uwanjani, mbao zako zikaguliwe na fundi bunduki mwenye leseni kabla ya risasi ya kwanza. Hapo usione aibu wala haraka.

Pili, jiulize kama kweli inahitajika mbao mpya. Ufa unazibwa kwa epoksi na vijiti vya mbao. Kona iliyomeguka inapachikwa kiraka cha mbao ya aina ileile, nyuzi zikielekea upande uleule. Bonde la kugongwa huinuka kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto, mvuke ukiingia taratibu. Mbao ya asili yenye kiraka ina thamani kuliko mpya iliyo kamili, na mimi humwambia mteja hivyo hata kama nitakosa kazi.

Jua ni ipi iliyo mbele yako

Lee-Enfield ni jina la ukoo mzima. Ninayoizungumzia ni ile fupi, Mk III, yaani toleo la tatu, iliyoidhinishwa mwaka 1907, pamoja na mdogo wake Mk III* wa wakati wa vita, uliorahisishwa ili viwanda viende mbio. Tofauti inayomhusu seremala ni hii: Mk III ya mwanzo ilikuwa na vilengeo vya masafa marefu ubavuni kushoto, kwa hiyo ubao wake wa mbele umechimbwa nafasi ya bamba lake. Mk III* haina. Ukichimba nafasi hiyo pasipostahili, mtu anayezijua ataliona kosa toka mlangoni.

Kisha kuna No. 4, ya Vita vya Pili, ambayo mtutu wake unachomoza mbele ya mbao. Ukoo huu wa bunduki ndio walioubeba askari wa Keya (King's African Rifles), na katika Vita vya Pili walifika nao mpaka Burma. Kwa hiyo wapo wasomaji ambao picha ya babu ukutani ina mbao hizi begani. Ikuze picha hiyo kabla ya kumwamini muuzaji yeyote.

Zote mbili zina vipande 4: kitako, ubao wa mbele, kifuniko cha nyuma na kifuniko cha mbele. Kitako hakijaungana na ubao wa mbele. Kinaingia kwenye soketi ya chuma nyuma ya bodi, yaani mwili wa chuma unaoshika mtutu, na kukazwa kwa bolti ndefu inayopita ndani yake. Kwa seremala hii ni neema, maana hutahitaji gogo moja refu kama la bunduki ya Kijerumani ya Mauser.

Kuchagua mbao

Mbao ya asili ya Kiingereza ni mjozi (walnut). Vita vilipokaza na mjozi kuadimika, No. 4 nyingi zilivishwa mbao nyeupe zaidi za bichi na bachi (beech na birch). Kiwanda cha Lithgow, Australia, kilitumia miti ya kwao, maple ya Queensland na kochiwudi (coachwood). Soma alama kwenye soketi ujue bunduki ilitoka wapi, kisha utafute mti wa huko. Mjozi mweusi wa Kimarekani juu ya bunduki ya Lithgow ni nguo ya kuazima.

Mteja mmoja aliniuliza kama mninga ungefaa. Unachongeka vizuri, unatulia, na rangi yake si mbali sana. Kwa bunduki ya kuigizia mchezo wa jukwaani ningemkubalia. Kwa kurudisha kitu katika hali yake, hapana, kwa sababu vinyweleo vya mninga ni vikubwa na vitaonekana hata chini ya mafuta.

Angalia mambo matatu. Ukavu: mafundi wa zamani huhesabu mwaka mmoja wa kukausha hewani kwa kila inchi ya unene, na mbao ikifika dukani kwako iwe na unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Nyuzi: pale kwenye shingo ya kitako, mahali kiganja kinapokamata, nyuzi zipite kwa urefu wa shingo. Zikikata kwa mshazari, shingo itavunjika hapo siku moja. Ni kama mpini wa shoka, na kila aliyewahi kuchonga mpini anajua ninachosema. La tatu ni mafundo. Kwenye ubao wa mbele usikubali hata moja, kwa sababu kuta zake ni nyembamba.

Kuvua mbao za zamani bila kuzipasua

Hapa ndipo watu wengi huharibu kitu kilichodumu karne nzima. Ndani ya kitako, chini ya kifuniko kidogo cha bamba la shaba la nyuma, utaona kichwa cha bolti ya kitako. Mkono unawasha kuifungua. Usiifungue. Kwenye Mk III nyingi ncha ya mbele ya bolti hiyo ni ya mraba, nayo inatokeza mbele ya soketi na kuingia kwenye kibamba kilichopigwa nyuma ya ubao wa mbele ili isilegee. Ukiizungusha wakati ubao wa mbele ungali mahali pake, ule mraba unageuka ndani ya kibamba na kuupasua ubao kutoka nyuma. Niliupasua mmoja hivyo katika mwaka wangu wa kwanza. Mlio wake ni kama kijiti kikavu cha kuni, na hausahauliki.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Toa kifuniko cha nyuma kwa kukiinua, kimeshikwa na klipu ya springi tu. Fungua skrubu za kofia ya mdomo, kile chuma kinachofunika ncha ya mbao, uigonge kwa upole kwa nyundo ya mbao mpaka isogee mbele itoke. Toa mkanda wa katikati na kifuniko cha mbele. Kuna skrubu ndogo tumboni mwa ubao, yenye springi na washa, inayoshika mkanda wa ndani unaozunguka mtutu, wengi huisahau. Toa skrubu za kikingio cha kifyatulio na kikingio chenyewe. Sasa vuta ubao chini sawasawa, mbele na nyuma kwa pamoja, usiutikise kando. Ukishatoka, ndipo ufungue bolti ya kitako.

Weka kila skrubu kwenye kikopo chake na ukiandike. Zinafanana kwa macho, hazifanani kwa urefu.

Kupima

Kata kadi ngumu vipande vya kuchukua umbo la nje, kila milimita 50 kwa urefu wa kitako na ubao wa mbele. Andika namba kwenye kadi na mahali pake kwenye mbao kwa penseli. Kwenye shingo ya kitako ongeza kadi, moja kila milimita 20, kwa sababu hapo umbo hubadilika haraka na hapo ndipo jicho la mjuzi hutua kwanza.

Pima kina cha mfereji wa mtutu kwenye mbao ya zamani, lakini pima na kipenyo cha mtutu wenyewe kwa kalipa, mwanzo, katikati na mwisho. Utashangaa tofauti. Mbao niliyoipima majuzi ilikuwa imejikunja kuelekea kushoto kiasi cha kugusa mtutu upande mmoja tu. Ningeinakili, ningezalisha kasoro ileile.

Kitako kina urefu tofauti. Kulikuwa na cha kawaida, kirefu kwa nusu inchi, kifupi kwa nusu inchi, na cha watu wadogo wa umbo kilichopungua inchi nzima. Alama yake ni herufi L, S au B iliyopigwa juu karibu na bamba. Nakili urefu uliopo, usifuate wa kwenye michoro.

Kuchonga kitako

Anza na kitako hata kama si ndicho kilichoharibika, kwa sababu kinakufundisha mbao yako.

Piga randa kipande chako mpaka kiwe cha pembe mraba, kinene kuliko kitako kwa milimita 15 kila upande. Kisha toboa tundu la bolti kabla ya kuchonga chochote nje. Tundu hili lina sehemu mbili: nyuma ni pana, kwa sababu humo ndimo chupa ya mafuta na kamba ya kusafishia mtutu hukaa, mbele ni jembamba, la mwili wa bolti. Toboa lile pana kwanza kutoka nyuma, kisha jembamba katikati yake. Keekee ndefu ina tabia ya kufuata nyuzi na kupinda. Tukitoboa kwanza halafu ikapinda, tunachora upya umbo la nje kulizunguka tundu na mbao inaokoka. Ukichonga nje kwanza, keekee ikipinda inatokea ubavuni na siku tatu zimepotea.

Sasa ulimi wa mbele, unaoingia kwenye soketi. Una umbo la yai na unapungua kidogo kuelekea mbele. Uchonge mnene, kisha ufuate chuma. Njia yangu ni masizi ya kibatari yaliyokorogwa na tone la mafuta. Paka utando mwembamba ndani ya soketi, ingiza ulimi, ugonge mara moja kwa nyundo ya mbao, utoe. Palipogusa patakuwa peusi. Kwangua peusi tu, kwa kipande cha kioo au patasi kali, kidogo kama vumbi. Rudia. Mara ya kwanza utaona madoa mawili matatu. Mara ya thelathini utaona weusi umesambaa ulimi mzima. Hapo umefika. Usitumie msasa katika hatua hii, unakula palipogusa na pasipogusa pamoja.

Ulimi ukaze kwenye soketi kabla bega la nje halijakutana na chuma. Bega likigusa kwanza, kitako kitaonekana kimekaa, lakini baada ya muda kitacheza.

Umbo la nje ni kazi ya tezo ndogo au msumeno, kisha tupa ya mbao, kisha kadi zako. Acha mbao isimame juu ya chuma kidogo sana pale inapokutana na soketi, kama ilivyokuwa kiwandani. Anayelainisha mpaka mbao na chuma viwe sawa kabisa ametengeneza samani.

Ubao wa mbele

Hiki ndicho kipande kigumu, nacho kinahitaji wiki zako mbili.

Chora mstari wa katikati juu na chini ya kipande chako, kila kitu kipimwe kutoka hapo. Chimba mfereji wa mtutu kwanza, kwa ruta au patasi ya mviringo, ukiacha upungufu wa milimita moja kila upande. Halafu chimba nafasi ya bodi na tundu la magazini. Kuta za magazini ni nyembamba. Shika kipande kwa klampu zenye vibao pande zote mbili ili ukuta usifunguke.

Nyuma kabisa, pande mbili za nafasi ya bodi, kuna mabega mawili ya mbao. Haya ndiyo moyo wa bunduki. Bunduki inapopiga, chuma kinarudi nyuma, na nguvu yote hiyo inapokelewa na mabega haya kutoka kwenye vishikio vya chuma chini ya bodi. Yakigusa yote mawili sawasawa, ubao unadumu. Likigusa moja tu, au mbao ikawa laini ikabonyea, bodi inaanza kupiga nyundo ndani na ubao unapasuka nyuma. Lithgow walipokuwa wakitumia kochiwudi, ambayo ni laini, waliweka vibamba vya shaba nyekundu kwenye mabega haya. India, kiwanda cha Ishapore kilipitisha skrubu ya kukatiza ubao upande hadi upande karibu na hapo ili usipasuke. Kama bunduki yako ni ya huko, virudishe.

Mabega yanakwenda kwa masizi kama ulimi wa kitako, ila kwa uvumilivu zaidi. Unashusha bodi moja kwa moja chini, unaigonga nyuma kidogo, unaitoa, unaangalia. Ninataka kuona weusi wa ukubwa sawa kushoto na kulia. Na nguvu zikae hapo: mkia wa ubao usiusukume uso wa soketi. Ukiusukuma, umeshajipasua mwenyewe, unasubiri siku.

Kisha mtutu. Mwanzoni kabisa, karibu na bodi, mtutu ulale kwenye mbao vizuri. Baada ya hapo uwe huru, karatasi ipite chini yake. Mbele, karibu na kofia ya mdomo, Mk III ina kijiti cha chuma na springi kinachousukuma mtutu juu. Kichongee tundu lake kinyooke. No. 4 haina kijiti hicho, ncha ya mbao yenyewe ndiyo inayosukuma, na mafundi wa jeshi walitaka nguvu ya pauni 2 hadi 7, yaani kama kilo 1 hadi 3. Unaipima kwa mizani ya kuvutia.

Mwisho ni bushi, kale kabomba kadogo ka chuma ambamo skrubu ya mbele ya kikingio hupita. Mbao ikisinyaa, skrubu hukazia juu ya bushi badala ya kubana mbao, na ubao unatikisika ingawa skrubu imekaza. Bushi iwe fupi kuliko unene wa mbao hapo kwa unene wa ukucha.

Vifuniko vya juu

Ni vidogo lakini huvunjika kuliko vyote. Kifuniko cha nyuma kina masikio mawili membamba yanayopita kando ya kilengeo, na karibu kila kifuniko cha zamani kimepoteza sikio. Chimba ndani kipande kikiwa bado cha mraba na kizito, kisha uchonge nje. Ukigeuza mpangilio, kitapasuka mkononi. Klipu yake imeshikwa kwa ribiti. Zikate ribiti za zamani kwa tupa, klipu uitumie tena, maana springi ya asili hukaza vizuri kuliko za kuiga. Vifuniko vyote viwili visiubane mtutu popote isipokuwa klipu yenyewe.

Mafuta na rangi

Lainisha kwa msasa namba 120, kisha 180, uishie hapo. Loanisha mbao kwa kitambaa kibichi, nyuzi zitasimama. Ikikauka zikate kwa msasa uleule mkongwe. Fanya hivyo mara mbili.

Vanishi hapana. Waingereza walizamisha mbao hizi katika mafuta mabichi ya kitani. Mimi napasha mafuta ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto, napaka mpaka mbao ikatae, nasubiri dakika 20, nafuta yote yaliyobaki juu. Siku ya pili tena. Wiki nzima kila siku, kisha mara moja kwa wiki kwa mwezi. Paka na ndani ya mfereji, maana ndani ndimo unyevu huingilia.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani huchemka vyenyewe na kushika moto bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au vizamishe kwenye ndoo ya maji. Usivikunje ukavitupa kwenye pipa la vumbi la mbao.

Bichi na bachi hubaki nyeupe mno. Maji ya pamanganeti ya potasi, hafifu, huzifanya kahawia. Yanaingia ya zambarau na kugeuka yenyewe baada ya dakika chache. Jaribu kwanza kwenye kipande cha taka.

Alama

Namba ya bunduki ilipigwa chini ya ncha ya ubao wa mbele, na wakaguzi walipiga mihuri yao ya taji. Muhuri wa taji mimi siupigi, hata nikilipwa. Kazi yangu isimdanganye mtu atakayeinunua miaka 50 ijayo. Ndani ya mfereji, mahali mtutu unapofunika, napiga herufi zangu na mwaka. Mbao za zamani, hata zilizopasuka, nazifunga kwenye gunia na kumrudishia mwenyewe pamoja na bunduki.

Baada ya miezi 3 mwambie mteja airudishe. Mbao mpya itakuwa imetulia katika hewa ya nyumba yake. Shika mtutu kwa mkono mmoja na ubao kwa mwingine, ujaribu kuvitenganisha. Vikicheza hata kidogo, toa bushi, ipunguze kwa tupa mara mbili tatu, irudishe, ukaze, ujaribu tena.